Salha na Dirisha la Jiko

Salha akikwambia "Haya wifi, nimekusikia," ujue hapana alichosikia. Nimeishi naye nyumba moja hapa Kisauni miaka ishirini na saba, tangu nilipoolewa na kaka yake Ahmad, Mungu amrehemu, na neno hilo ameniambia mara nyingi kuliko salamu. Nilimwambia asiweke vidonge vyake vya presha karibu na moto, akanisikia. Nilimwambia asiwape chakula paka wa mtaa mlangoni petu. Akanisikia, na sasa paka wamefika saba. Nilipomwambia afungue dirisha la jiko alinisikia miezi mitano mizima, na miezi yote hiyo mjukuu wake alikuwa akipumua kwa sauti ya mlango usiotiwa mafuta.

Naandika habari zake kwa sababu watu wamezisimulia sana, tena vibaya, nami nimechoka kusahihisha barazani.

Salha alizaliwa ndani ya nyumba hii. Baba yake alikuwa karani wa kadhi, mtu wa kofia iliyonyooka na maneno machache, na aliijenga kwa mawe na chokaa wakati jirani zake wote wakiezeka makuti. Wanawe wa kiume aliwasomesha. Salha alimfundisha kutunza siri za nyumba na kunyamaza mgeni akiwapo, na hayo mawili aliyashika barabara. Aliolewa Likoni akiwa na miaka kumi na tisa, akarudi baada ya miaka sita na binti mmoja na sanduku moja. Aliolewa tena Changamwe, na ndoa hiyo ilidumu Ramadhani mbili. Nilipomuuliza kisa, alisema, "Yule bwana yuwala bila kusema ahsante." Hajaongeza neno mpaka leo.

Anachokijua Salha ni visheti. Unga anaukanda kwa samli na tui zito, anausukuma, anaukata vipande vidogo, kisha anavikunja kwa ncha za vidole mfano wa kombe la pwani na kuvikaanga kwa moto wa wastani. Vikishaiva anavigeuza ndani ya shira ya iliki mpaka sukari inagandia juu, nyeupe na kavu. Shira anaipima kwa kuivuta baina ya kidole gumba na cha shahada. Uzi ukikatika, bado. Uzi ukivutika, tayari. Nimesomesha sayansi katika shule za wasichana kwa miaka ishirini na miwili, na sijaweza kupata uzi ule hata siku moja.

Ahmad alipofariki, miaka sita iliyopita, Salha alisema hataki kulishwa na mtu. Atapika visheti vya kuuza.

"Nyumba ya karani wa kadhi haijawahi kuuza chakula," nikamwambia.

"Bi Khadija alikuwa mfanyabiashara, wifi."

"Bi Khadija alikuwa na misafara. Hakuwa na karai."

Alinuna siku tatu. Mwisho tulipata njia ambayo wakati ule niliiona ya busara. Ng'ambo ya njia anakaa Florence, mwanamke wa Kigiriama kutoka Kaloleni, mjane kama mimi, muuza mitumba wa Kongowea, mwenye mdomo usiojua kupumzika. Tulikubaliana kwamba Salha atapika, Florence atapokea oda na kupeleka mzigo, na jina litakuwa la Florence. Jina la nyumba yetu lisitajwe popote. Florence alicheka mpaka akakaa chini.

"Mwalimu, mimi? Visheti? Mimi nikichemsha maji yanaungua!"

Lakini alikubali, na visheti vya Florence vikawa na sifa. Vikaenda Magongo, vikavuka kivuko kwenda Likoni, vikaingia harusi za watu wakubwa. Kina mama wa Kiswahili walimuuliza kwa adabu yenye sumu kidogo amejifunzia wapi mkono ule, naye akawajibu, "Kwani mkono una kabila?" Kanisani kwake walimsifu hadi wakamtaka awafundishe kina mama wa chama chao. Kila mwezi alitafuta udhuru mpya. Mwezi mmoja aliwaambia ameteguka kidole.

Mwanzoni Salha alipikia makaa uani. Ua wetu zamani ulikuwa wa faragha, lakini jirani amejenga ghorofa iliyotuinamia, na anayeanika nguo kwenye roshani ya tatu anaona mpaka chumvi ya mchuzi wetu. Basi tulihamishia jiko ndani, katika chumba kidogo kilichokuwa stoo, chenye dirisha moja linalotazama njia. Kwa kuwa moshi wa makaa ungetuua, nilimnunulia jiko la gesi la mafiga mawili. Ni mimi niliyelinunua. Salha alilipenda kuliko waume wake wote wawili. Alikuwa akiwaonyesha wageni wa ndani dari ya chumba kile.

"Tazama! Nyeupe pe! Gesi haina uchafu."

Nami nilikubaliana naye. Nilikuwa nimewasomesha wasichana elfu kwamba moto wowote hula hewa na kuacha kitu, lakini nyumbani kwangu niliitazama dari nikaridhika.

Mwaka jana binti yake Salha alipata kazi Doha, akamwacha mtoto wake, Waridi, wa miaka mitatu na kitu. Ni mtoto wa maswali. Mimi ananiita Bibi Mwalimu, na Salha anamwita Nyanya, na kwa Nyanya habanduki. Salha naye hamwachii hatua mbili. Alimtandikia mkeka ndani ya jiko, akampa donge la unga na kijiti cha kusukumia, na hapo ndipo mtoto alikuwa akishinda kuanzia asubuhi hadi alasiri, kwenye joto la karai, mlango umerudishwa na dirisha limefungwa kwa komeo.

Kikohozi kilianza taratibu. Salha alimpa asali na tangawizi. Kikazidi. Akamkanda kifua kwa mafuta ya karafuu. Usingizini mtoto akaanza kupiga filimbi kifuani. Hapo Salha akatoa hukumu.

"Ni jicho. Yule wa ghorofa ya tatu alimtazama nywele."

Siku iliyofuata nilifungua mlango wa jiko nikakuta mafiga yote mawili ya gesi yanawaka, chetezo cha ubani kinafuka sakafuni, dirisha limefungwa, na Waridi amekaa katikati kama samaki ng'onda anayekaushwa.

"Salha! Wataka kumponya au kumbanika?"

"Polepole, wifi. Ubani hautaki kelele."

Sina ugomvi na ubani. Lakini kila kitu kina mahali pake, na mahali pake si chumba cha hatua nne kisicho na tundu, chenye mtoto anayetafuta pumzi. Nilikipeleka chetezo uani mwenyewe, na Salha akaniambia amenisikia.

Alhamisi moja, saa nne za asubuhi, Waridi alishindwa kumaliza sentensi. Alitaka kusema "Nyanya nipe maji," akasema "Nyanya," akanyamaza, mabega yakipanda na kushuka. Tulimkimbiza kwa tuktuk hadi zahanati iliyo upande wa Ziwa la Ng'ombe. Daktari alikuwa kijana aitwaye Baya, mpole, ambaye alituamkia shikamoo kwanza ingawa mikono yake ilikuwa tayari inafanya kazi. Alimwekea mtoto kifuniko cha mvuke wa dawa puani na mdomoni, na baada ya muda mabega yakatulia.

"Nyumbani mnapikia nini?" akauliza.

"Gesi," Salha akajibu kwa fahari. "Sisi hatuna moshi, mwanangu. Dari yetu nyeupe."

"Mama, kuna uchafu usioonekana kwa macho. Moto wa gesi ukiwaka unatoa hewa kali. Huioni, pengine huinusi. Mtu mzima inamkera tu. Mtoto mdogo mirija yake ya pumzi ni myembamba, hewa ile inaikwaruza, inavimba, njia inaziba. Gesi ni afadhali kuliko makaa, sikatai. Lakini inataka njia ya kutokea. Mnapika muda gani kwa siku?"

"Asubuhi mpaka alasiri."

Baya aliacha kuandika. "Familia ya watu wangapi?"

Salha alinitazama. Mimi nilitazama bango la chanjo ukutani. "Tuna wageni wengi," nikasema.

"Na dirisha la jiko huwa wazi?"

"Huwa twalifungua," akasema Salha.

"Hatulifungui!" nikasema. "Daktari, halijafunguliwa tangu nisikumbuke lini. Namwambia kila siku. Mwambie wewe, labda wewe una sauti."

Salha alinitazama tena, tazamo refu la mtu anayesubiri mwenzake amalizie jambo. Nilidhani ameona haya. Baya alitueleza mambo yote kwa utaratibu: jiko litoke nje ikiwezekana, na kama haiwezekani dirisha na mlango viwe wazi ili hewa ipite, mtoto asikae jikoni moto ukiwaka, fundi asafishe mafiga, maana ndimi za moto zinapogeuka manjano uchafu unazidi. Akatupa dawa ya kuvuta kwa pampu na chupa yake ya plastiki, akanionyesha jinsi ya kuweka sikio mgongoni mwa mtoto na kusikiliza filimbi. Tukarudi nyumbani. Asubuhi yake dirisha lilikuwa limefungwa.

"Salha, daktari amesema nini?"

"Sukari, wifi. Hewa ya bahari yailiza sukari. Visheti vikitoka jasho havifai."

Hilo lilikuwa kweli. Nilijaribu mwenyewe: niliacha sinia ya visheti kwenye dirisha la chumbani kwangu, na kabla ya adhuhuri vilikuwa vinanata. Basi nilinunua ndoo zenye vifuniko vya kubana, nikamwambia akigandisha tu avitie humo. Alizishukuru ndoo. Dirisha halikufunguliwa.

"Na sasa?"

"Kusi limeanza. Mtoto ana kifua, nimwache apigwe na baridi?"

Nikamshonea Waridi fulana ya flaneli. Nikamhamishia mkeka wake chumbani kwangu, nikampa kalamu za rangi. Alichora mistari miwili akaniuliza, "Nyanya yuwapi?" akaenda zake. Nikimrudisha anarudi, nikifunga mlango analia, na akilia anakohoa. Ningefanya nini? Dirisha halikufunguliwa.

"Moto, wifi. Upepo wauzima moto, gesi inatoka bure, tutalipuka sote. Hilo ndilo walitaka?"

Nilikwenda kwa fundi wa mabati pale barabarani, akanikunjia bati la kukinga upepo pande tatu za jiko. Lilikaa vizuri ajabu. Salha alilisifu. Nililifungua dirisha mbele yake, nikasimama pale mpaka nikahisi hewa inapita shingoni, nikaenda kuswali. Niliporudi limefungwa. Siku hiyo nilichukua bisibisi nikang'oa komeo. Alasiri nilikuta mbao mbili za dirisha zimefungwa pamoja kwa utambi wa kanga, mafundo matatu.

Nilimwita Florence aje asaidie. Alisimama kizingitini, akatazama mafundo, akatutazama sisi.

"Mwalimu, hapo mimi simo."

"Humo vipi? Jina si lako?"

"Jina langu, dirisha lenu," akasema, akaondoka huku anacheka. Kwa mara ya kwanza kicheko chake kilinikera.

Nitakiri kwamba nilianza kumdharau Salha. Nilisema moyoni kwamba ni ujinga, kwamba darasa la saba limemkaa kichwani kama kofia iliyombana, kwamba ananiumiza mtoto kwa ukaidi tu. Mama yake Waridi alipopiga simu kutoka Doha, Salha alimwambia mtoto hajambo, na Waridi akapewa simu akakohoa ndani yake. Nilisikia binti anasema, "Mama, niambie kweli, nivunje mkataba nirudi?" Salha akasema, "Fanya kazi yako, mwanangu." Alipokata simu alikaa muda mrefu na ile simu mapajani. Ukaidi hauketi hivyo, lakini wakati ule sikutaka kuona.

Siku mambo yalipovunjika ilikuwa Jumanne. Florence alikuwa amepata oda ya arusi kubwa ya Mji wa Kale, na Salha alikuwa jikoni tangu asubuhi. Saa sita na kitu gari likasimama nje. Alikuwa Bi Mwanarehema wa Kibokoni, binamu yake Ahmad, mwanamke ambaye akikutembelea anahesabu vikombe. Arusi ilikuwa ya mwanawe. Alikuja kwa Florence kuchukua visheti, hakumkuta, basi ameona apite kutusalimu wakati akimsubiri.

Nilimkaribisha sebuleni. Nikampa kahawa.

"Salha yuwapi?"

"Yuwalala. Kichwa kinamuuma."

"Maskini. Nyumba imekuwa kimya tangu Ahmad aondoke." Akavuta hewa puani polepole. "Lakini safi. Namwambia mume wangu, nyumba ya karani bado ina heshima yake. Nyumba nyingine siku hizi ukipita njiani wasikia mafuta ya viazi mpaka chumbani."

Nilitabasamu. Hapo ndipo nikamsikia Waridi. Kikohozi kimoja, kingine, kisha mfululizo usio na nafasi katikati, kisha hapana kitu.

Sikumbuki kama niliomba radhi. Niliusukuma mlango wa jiko na haukwenda, maana Salha alikuwa ameziba nafasi ya chini kwa tambara. Nilisukuma kwa bega. Joto lilinipiga usoni, tamu, zito, la sukari na iliki. Mafiga mawili yanawaka. Waridi alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, macho yamemtoka, midomo imegeuka rangi. Salha amepiga magoti mbele yake, mkono mmoja umemshikia pampu ya dawa mdomoni. Mkono wa pili, wallahi nauona hadi leo, umenyooshwa nyuma na umeibana mbao ya dirisha isifunguke, maana utambi wa kanga ulikuwa umekatika.

"Mgeni ameondoka?" akaninong'oneza.

"Fungua dirisha!"

"Yumo bado?"

"Salha, mtoto anakufa, fungua dirisha!"

"Si wewe uliyesema?" Hakupaza sauti. Alikuwa analia bila kutoa sauti, kama alivyofundishwa. "Mwaka ule wa kwanza, alipokuja huyu huyu, akasema anasikia harufu ya iliki njiani. Ulimwambia tuna hitima. Akiisha kwenda ukaja hapa ukaniambia, Salha, harufu hii ikitoka tena nje, biashara imekwisha. Funga dirisha hilo. Nikakwambia nimekusikia."

Nilikumbuka. Nilikumbuka hata kanga niliyovaa. Miaka ishirini na saba ya kumwambia huyu mwanamke mambo, na jambo moja tu alilolitii ni lile, na alilitii mpaka hapo tulipokuwa tumesimama. Sukari, kusi na moto vilikuwa visingizio alivyonitafutia ili asinitie aibu kwa maneno yangu mwenyewe.

Nilizima gesi. Nilimwondoa mkono nikalisukuma dirisha kwa ngumi zote mbili, mbao zikagonga ukuta wa nje. Nilimbeba Waridi, Salha akafuata na pampu, tukapita sebuleni mbele ya Bi Mwanarehema hadi barazani, kwenye hewa. Tulimketisha wima kama Baya alivyotuonyesha. Pumzi moja ya dawa, kungoja, nyingine, kungoja. Nilihesabu kwa sauti. Wapita njia walisimama. Pumzi ya sita ndipo rangi ilipoanza kurudi midomoni, na mtoto akasema kwa sauti nyembamba, "Nyanya waniumiza mkono." Salha alikuwa amemshika kama kamba ya ndoo kisimani.

Bi Mwanarehema alikuwa ametokea mlangoni nyuma yetu. Harufu ya iliki ilikuwa imejaa njia nzima. Alitazama mikono ya Salha, myeupe kwa sukari hadi viwikoni.

"Salha, kumbe kichwa hakikuumi."

Salha aliinamisha uso. Kunyamaza mgeni akiwapo.

"Hakimuumi," nikasema. "Nilikudanganya. Visheti vya arusi yako ni kazi yake, na vyote ulivyokula miaka sita hii ni kazi yake. Anavipika humu ndani. Ni mimi niliyemficha."

Wakati huo huo Florence alikuja mbio kutoka barabarani, kapu kichwani. "Hodi, hodi! Bi Mwanarehema, samahani jamani, visheti vyangu vimechelewa kidogo, nilikuwa natia sukari..." Akatuona. Akaona dirisha. "Mulungu wangu," akasema, akashusha kapu.

"Endelea," akasema Bi Mwanarehema. "Ulikuwa watia sukari."

"Nilikuwa Kongowea, mama."

Ningependa kuandika kwamba Bi Mwanarehema alicheka na mambo yakaisha. Hakucheka. Alichukua ndoo zake za visheti, maana arusi ni arusi, akaniambia kwa upole kabisa, "Mimi nilidhani aibu ni ya wenye njaa." Akaingia garini. Kabla ya Ijumaa, Kibokoni nzima ilikuwa inajua kwamba nyumba ya karani wa kadhi imefungua mkahawa, kwamba mjane wa Ahmad amemfungia wifi yake stoo amfanyie kazi, na kwamba mtoto nusura afe humo. La kwanza ni uongo. La pili si kweli vile lilivyosemwa. La tatu ni kweli.

Jumatano jiko lilirudishwa uani. Fundi wa mabati alisimamisha nguzo nne na kipaa, pande zote wazi, na bati la kukinga upepo likapata kazi yake. Jumamosi ya kwanza wanawake wa ghorofa walijaa kwenye roshani kama watu wa mpira. Jumamosi ya pili aliyeko ghorofa ya tatu, yule yule wa jicho, aliteremsha kikapu kwa kamba akapiga kelele, "Bi Salha, nitilie vya wanangu, vile vilivyokauka!" Salha alinitazama aone nitasema nini. Niliingia ndani nikafunga mlango wangu. Nilipotoka kikapu kilikuwa kinapanda.

Waridi hajapona kabisa. Baya amesema kifua chake huenda kikabaki chepesi kuudhika, na pampu haitoki mkobani mwangu. Lakini filimbi ya usingizini imekoma, na kikohozi kinakuja mara moja moja. Moto ukiwaka Waridi hukaa nami barazani mbele, si kwa hiari yake. Ananiuliza kila mpita njia ni nani na anakwenda wapi.

Florence alikuja na shida yake. "Mwalimu, mmenivua nguo. Kina mama wa kanisani wananidai mafunzo, na sasa wanajua sijui kitu."

"Nitakwenda mimi," Salha akasema kutoka uani.

"Kanisani?" nikauliza.

"Ukumbini. Ukumbi si kanisa. Nao watu wazima, hawatanila."

Basi tulikwenda, Jumamosi iliyopita, Salha mbele na karai, Florence na unga, mimi na mtoto. Ukumbi ulikuwa umejaa kina mama, na watoto wao wametambaa chini ya meza. Jiko la gesi limewekwa katikati. Madirisha yote yamefungwa kwa ajili ya vumbi la barabara. Salha hakutoa hata salamu ndefu. Alitua karai, akazunguka ukumbi, akafungua dirisha moja baada ya jingine, hata lile lililokwama, akaligonga kwa kiganja.

"Vumbi, mama!" mmoja akalalamika.

"Vumbi laonekana, utalifuta. Hewa ya gesi haionekani, huifuti. Toeni watoto nje kwanza. Wote. Mirija yao ya pumzi ni myembamba." Akawasha jiko, akainama kutazama ndimi. "Moto ukiona manjano, mwite fundi. Ukiwa buluu ni sawa, lakini buluu pia wataka dirisha. Na msiniambie dari yenu nyeupe. Dari haina mapafu."

Kina mama walitingisha vichwa. Mmoja alikuwa anaandika. Mwingine alinigeukia akaniuliza kwa heshima, "Haya amejifunzia wapi huyu mama?" Kabla sijafungua mdomo Salha alijibu mwenyewe, mbele ya ukumbi mzima, bila kumtaja Baya wala wifi yake aliyeimba wimbo huo miezi mitano:

"Ni akili tu, mwanangu."

Nilitoka nje nisije nikasema neno. Watoto walikuwa wanakimbizana kuzunguka ukumbi, na Waridi alikuwa wa tatu, anapiga kelele, nywele zimefumuka. Nilimsubiri alipopita nikamdaka, nikamkumbatia, nikaweka sikio mgongoni mwake nisikilize. Alijinyonganyonga. Nikambana zaidi, maana moyo wake ulikuwa unapiga kwa nguvu na sikuweza kusikia vizuri kama kuna filimbi ama hapana.

Kichwa cha Salha kikachomoza kwenye dirisha, uso una unga.

"Wifi! Usimbane mtoto hivyo! Mwache apumue!"